Maswali ya wasomaji: Kabla ya saini kwenye fomu ya utafiti

Barua za mara hii zimetoka pande zote mbili za meza. Wapo wanaoombwa kushiriki katika utafiti wa tiba, na wapo wanaoomba. Zilizofanana tumeziunganisha.

Daktari anayenitibu ndiye huyohuyo anayeniomba niingie kwenye utafiti wake. Nikikataa naona nitamvunjia heshima, na naogopa huduma itabadilika. Nifanyeje?
*Mgonjwa wa kisukari*

Una haki ya kukataa, na huna deni la kueleza sababu. Azimio la Helsinki, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, la mwisho likiwa la mwaka 2024, limeliona jambo lako hasa. Linamtaka daktari awe mwangalifu zaidi pale mgonjwa anapomtegemea, na linaelekeza kwamba hapo ridhaa iombwe na mtu mwingine mwenye ujuzi, asiyehusika na uhusiano huo. Kwa hiyo unaweza kusema bila kuvunja heshima ya mtu: "Daktari, naomba mwingine anieleze utafiti huu, na naomba niende na karatasi nyumbani nikazungumze na watu wangu." Mtafiti anayejua kazi yake hatashangaa kusikia hivyo.

Kuna jambo jingine la kulitazama kwa makini. Kwenye matibabu, daktari anakuchagulia dawa kwa kukutazama wewe: sukari ikishuka anapunguza dozi, ikipanda anaongeza. Kwenye utafiti dozi, siku za kliniki na idadi ya vipimo vimeandikwa kwenye itifaki, yaani mpango rasmi wa utafiti, kabla jina lako halijajulikana. Baadhi ya vipimo havina faida yoyote kwako. Vipo ili kujibu swali la utafiti. Mwaka 1982 Paul Appelbaum na wenzake walilipa jina kosa la mgonjwa kudhani kwamba kila anachofanyiwa kwenye utafiti kimepangwa kwa ajili ya afya yake. Kwa Kiswahili tuliite dhana potofu ya tiba. Wanaoingia humo si wajinga. Koti jeupe ni lilelile, kitanda ni kilekile na sindano ni ileile.

Dhana hiyo imewahi kutumiwa kwa makusudi. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, kule Tuskegee, Alabama, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi wapatao 600, kati yao 399 wakiwa na kaswende, bila kuwaambia ugonjwa wao. Waliambiwa wana "damu mbaya". Sindano ya uti wa mgongo iliyokuwa ya kukusanya majimaji ya kupima ilitangazwa kwao kama matibabu maalumu ya bure. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940, hawakupewa.

Basi kwa kila kipimo na kila kidonge muulize anayekueleza: hiki ningefanyiwa hata kama nisingekuwa kwenye utafiti? Akijibu "hapana", hapo ndipo utafiti ulipo, na hapo ndipo maelezo ya hatari yanapotakiwa kuwa marefu.

Fomu yetu ina madhara zaidi ya arobaini kwenye kurasa tatu. Nikiyasoma yote washiriki wanachoka. Nikiyachagua naona kama nawaficha. Nianzie wapi?
*Muuguzi wa utafiti*

Anza na mambo yanayoweza kumfanya mtu abadili uamuzi. Hayo ni ya aina mbili: yale mabaya sana hata kama ni ya nadra, kama ini kushindwa kufanya kazi, na yale yanayowapata wengi hata kama ni mepesi, kama kichefuchefu cha wiki mbili. Yaliyobaki yakae kwenye fomu, na umwonyeshe ukurasa. Kanuni za Marekani za kulinda washiriki wa utafiti zilizorekebishwa, ambazo zilianza kufuatwa rasmi mwaka 2019, sasa zinadai fomu ifunguliwe kwa muhtasari mfupi wa mambo ya msingi ya kumsaidia mtu kuamua. Ni utaratibu mzuri hata pale sheria haiudai.

Kisha kila dhara kubwa lieleze kwa ukamilifu: linawapata wangapi kati ya wangapi, kwa muda gani, mtu anajisikiaje likianza, linaisha au linabaki, na ninyi mtafanya nini. Chukua mfano wa kubuni. "Kati ya watu 100 wanaomeza dawa hii kwa wiki 12, kama 8 hutapika. Kati ya 100 wanaomeza vidonge visivyo na dawa ndani, 3 hutapika vilevile. Kwa hiyo dawa yenyewe inaongeza watu kama 5. Mara nyingi huanza siku za mwanzo na kukoma bila kuacha dawa. Ukitapika zaidi ya mara tatu kwa siku, piga namba hii." Maneno hayo hayachukui hata dakika moja, na yanamfaa mshiriki kuliko orodha ya kurasa tatu.

Usimwachie neno "nadra" peke yake. Kwenye karatasi za dawa barani Ulaya maneno haya yana viwango: dhara la "kawaida" ni kuanzia mtu 1 kati ya 100 hadi 1 kati ya 10, na la "nadra" ni kuanzia 1 kati ya 10,000 hadi 1 kati ya 1,000. Mshiriki haujui mpango huo. Akisikia "nadra" anaelewa "haitanipata", na akisikia "kawaida" anaelewa "si kitu". Mpe namba, na namba zote ziwe na msingi mmoja. Ukimwambia dhara hili ni 1 kati ya 25 na lile ni 1 kati ya 200, wapo watakaoona la pili ndilo kubwa kwa kuwa 200 ni nyingi. Sema 40 kati ya 1,000 na 5 kati ya 1,000. Jihadhari pia na "mara mbili". Dhara lililopanda kutoka watu 2 hadi 4 kati ya 1,000 limeongezeka mara mbili kweli, lakini mtu anahitaji kusikia hao wawili walioongezeka.

Kosa linalotuuma zaidi ni sentensi "dhara hili halijatokea kwa yeyote". Halijatokea kwa wangapi? Iko hesabu rahisi inayoitwa kanuni ya tatu: kama dhara halijaonekana kwa mtu yeyote, gawanya 3 kwa idadi ya waliokwisha kupewa dawa, upate kiwango cha juu ambacho dhara hilo bado linaweza kuwa nacho, kwa uhakika wa asilimia 95. Waliopewa wakiwa 60, jibu ni 3 kwa 60, yaani 1 kati ya 20. Wakiwa 300, ni 1 kati ya 100. Dawa iliyowapitia watu 60 bila tatizo bado inaweza kuwa inamdhuru mmoja katika kila ishirini. Mshiriki astahili kuambiwa hivyo: "Mpaka sasa ni watu 60 tu waliomeza. Hatujaona ini likiharibika, lakini 60 ni wachache mno kutuhakikishia."

Na ile hofu ya kwamba ukieleza watu watakimbia? Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliijibu katika kesi ya Nadine Montgomery. Alikuwa mjamzito mwenye kisukari, na hakuelezwa kwamba mabega ya mtoto yangeweza kukwama wakati wa kuzaliwa, jambo lililokuwa na uwezekano wa 9 hadi 10 kati ya 100 kwa wanawake wa hali yake. Daktari alihofu kwamba akina mama wakielezwa watachagua upasuaji. Mahakama ilisema kipimo cha hatari ya kuelezwa ni kile ambacho mtu mwenye busara, akiwa katika nafasi ya mgonjwa huyo, angekiona kina uzito. Kesi ilihusu matibabu, lakini hatuoni kwa nini utafiti uwe na kipimo cha chini. Mtu akiondoka baada ya kuelewa, ridhaa imefanya kazi yake.

Mwishoni usiulize "umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo, hata kwa adabu tu. Mwombe akueleze kwa maneno yake, na lawama ibebe wewe: "Nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani wakikuuliza utafiti huu unahusu nini, utasemaje? Kibaya zaidi kinachoweza kukupata ni kipi? Ukitaka kuacha, utafanyaje?" Jibu likiyumba, rudi kwenye sehemu hiyo tu. Akiyumba tena mara ya pili, msiandikishe siku hiyo.

Kamati ya maadili imepitisha tafsiri yangu ya fomu ya ridhaa, lakini wahoji wanasema washiriki wanaelewa mambo mengine kabisa. Nimekosea wapi?
*Mtafsiri*

Huenda hujakosea neno hata moja. Maneno sahihi hubeba mizigo yao. "Uchunguzi" kwa mgonjwa ni kupimwa; ukiandika "uchunguzi wa figo" anajua majibu yake yatatoka na tiba itafuata. Andika "utafiti", na papo hapo ongeza: "lengo lake ni kujifunza kuhusu dawa, si kukutibu wewe."

"Bahati nasibu", kwa maana ya kuwapanga washiriki kwenye makundi bila mtu kuchagua, ni mtego mkubwa zaidi, maana ni mchezo wenye zawadi. Aliyepangwa kwenye kundi la dawa anaona ameshinda, na mwenzake anaona amekosa. Andika: "Kundi lako litapangwa kama kwa kurusha sarafu. Wewe huchagui, daktari hachagui, na hakuna anayejua kundi lipi litapata nafuu zaidi." Ila hakikisha kwanza mgawanyo ni nusu kwa nusu. Kama ni wawili kwa mmoja, sarafu inadanganya. Sema "kati ya kila watu watatu, wawili watapata dawa inayojaribiwa".

Plasebo usiiite dawa feki wala dawa bandia. Noti bandia ni uhalifu, na mshiriki atahisi anatapeliwa. Eleza kitu chenyewe: vidonge vinavyofanana kabisa na dawa lakini ndani havina dawa. "Dawa mpya" nayo inanukia ubora. "Dawa inayofanyiwa majaribio, ambayo haijathibitishwa kama inasaidia" ni ndefu lakini ya kweli. Neno "hatari" ni zito mno. Mkono kuvimba siku mbili si hatari masikioni mwa wengi, kwa hiyo sehemu ya fomu yenye kichwa "Hatari" husomwa kana kwamba inahusu kifo peke yake. Kichwa kama "Mambo mabaya au ya usumbufu yanayoweza kukupata" kinaingiza vyote.

"Chanjo" inataka uangalizi wa pekee. Jina lenyewe linaahidi kinga, na mtu anaweza kulegeza tahadhari zake akiamini amekingwa. Kwenye majaribio ya chanjo ya VVU kuna dhara jingine lisilo la mwili: mwili unaweza kutengeneza kingamwili kwa sababu ya chanjo, kisha kipimo cha kawaida kikaonyesha mtu ana VVU wakati hana. Hilo linaweza kumgharimu mtu ndoa au kazi. Liandikwe, pamoja na mahali pa kwenda kupimwa kwa kipimo kinachotofautisha.

Na ile ahadi "taarifa zako zitakuwa siri" ipunguze iwe ya kweli. Wakaguzi wa mdhamini, kamati ya maadili na mamlaka ya dawa wanaweza kufungua faili. Wataje.

Kutafsiri na kurudisha kwenye lugha ya mwanzo hukamata neno lililokosewa. Hakukamati maana iliyopotea. Wape fomu watu watano hadi kumi wanaofanana na washiriki, wakueleze aya moja moja. Utajua kabla ya nusu saa kwisha.

Mtoto wetu amezaliwa kabla ya wakati. Tumeombwa aingie kwenye utafiti unaolinganisha tiba mbili, na tumeambiwa zote mbili ni za kawaida, kwa hiyo hakuna hatari ya ziada. Ni kweli?
*Wazazi*

Poleni, wazazi wetu. Maneno hayo yanaweza yasiwe kweli, hata yakisemwa kwa nia njema.

Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliojulikana kwa kifupi kama SUPPORT. Watoto njiti 1,316, waliozaliwa katika wiki ya 24 hadi ya 27, walipangwa kwa kura: kundi moja oksijeni katika damu ilengwe asilimia 85 hadi 89, jingine asilimia 91 hadi 95. Viwango vyote viwili vilikuwa ndani ya kile kilichotumika hospitalini wakati huo. Lakini katika kundi la oksijeni ya chini walifariki asilimia 19.9 kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, na katika kundi la juu asilimia 16.2. Kwa waliopona, ugonjwa mkali wa retina, unaoweza kuleta upofu, uliwapata asilimia 8.6 kundi la chini na 17.9 kundi la juu. Mwaka 2013 ofisi ya serikali ya Marekani inayolinda washiriki ilisema fomu za ridhaa hazikuwaeleza wazazi vya kutosha kuhusu uwezekano wa upofu, madhara ya ubongo na kifo. Watafiti wengi walipinga vikali, wakisema watoto hao wasingekuwa salama zaidi nje ya utafiti.

Sisi tunasimama na wazazi katika hili. Tiba mbili zikiwa za kawaida, kura bado inaweza kumhamisha mtoto kutoka kiwango ambacho daktari wake angekichagua hadi kingine. Na kama tiba hizo zingekuwa sawa kwa kila kitu, utafiti usingehitajika. Ulizeni hivi: mtoto wetu asipoingia, angepewa tiba ipi? Mnashuku kundi lipi linaweza kuzidiwa na kitu gani? Kifo ni mojawapo ya mambo mnayoyahesabu? Swali la mwisho ni gumu kulitamka, lakini jibu lake liko kwenye itifaki.

Kumbukeni pia kwamba utafiti kama huo unaweza kuwa na thamani kubwa kwa watoto wajao, na hakuna ubaya kukubali mkishajua hayo.

Natafutwa kujaribu dawa nikiwa mzima, kwa malipo. Niulize nini?
*Mwanafunzi*

Uliza wewe ni mtu wa ngapi kuipewa. Tarehe 13 Machi 2006, jijini London, vijana wanane wenye afya waliingia jaribio la kwanza kwa binadamu la dawa iliyoitwa TGN1412. Wawili walipewa plasebo. Sita walipewa dawa, mmoja baada ya mwingine kwa kupishana dakika chache tu, kwa dozi ndogo mara 500 kuliko ile iliyoonekana salama kwa wanyama. Ndani ya saa mbili walianza kuugua, na wote sita viungo vyao vikashindwa kufanya kazi. Walipona kifo, lakini si wote waliopona bila ulemavu. Kama wa kwanza angeangaliwa kwa siku moja kabla ya kumchoma wa pili, watano wangenusurika. Kwa hiyo swali lako la pili liwe: mnaacha muda gani kati ya mtu na mtu?

La tatu ni kuhusu wanyama. Jesse Gelsinger alikuwa na umri wa miaka 18 alipofariki Septemba 1999 katika jaribio la tiba ya jeni huko Pennsylvania. Fomu aliyotia saini haikutaja kwamba nyani waliopewa tiba ya aina hiyo walikuwa wamekufa. Uliza waziwazi kama kuna mnyama aliyekufa au aliyeugua sana, na kwa dozi gani.

La nne ni nani atalipa matibabu ukiumia, hadi lini, na kama jina la bima limeandikwa. "Utapata huduma ya haraka" haimaanishi kwamba ya mwezi ujao italipwa. Malipo yako nayo yagawanywe kwa kila hudhurio. Yakishikwa yote hadi siku ya mwisho, utavumilia dalili ambazo ungepaswa kuziripoti.

Mama yangu hajui kusoma. Dole gumba linatosha?

Peke yake halitoshi. Lazima awepo shahidi asiye na upande, anayejua kusoma na asiye mtumishi wa utafiti, na awepo tangu neno la kwanza la maelezo hadi mwisho. Akiitwa mwishoni ili atie saini tu, ridhaa hiyo ina kasoro. Mama aweke dole, na kama anaweza kuandika tarehe aiandike mwenyewe. Shahidi aandike jina lake, saini na tarehe. Wewe kama mwanawe unaweza kuwa shahidi, ila si vizuri ukiwa ndiye unayemsukuma akubali.

Nikitaka kujitoa katikati, damu yangu inakuwaje?

Unajitoa wakati wowote, kwa mdomo tu ikibidi. Lakini dawa nyingine haziachwi ghafla, kwa hiyo waambie kabla hujaacha, wakupangie namna ya kushusha dozi na kipimo cha mwisho cha usalama. Data zilizokwisha kukusanywa kwa kawaida hubaki, kwa sababu kuzifuta kungeficha madhara yaliyokupata. Damu iliyohifadhiwa ni suala jingine: ikiwa bado ina namba inayokuunganisha nayo, unaweza kuomba iteketezwe; ikishaondolewa kitambulisho, haipatikani tena. Ndiyo maana swali la kuhifadhi sampuli kwa utafiti wa baadaye, hasa wa vinasaba, linapaswa kuwa na kisanduku chake cha ndiyo au hapana, mbali na saini ya utafiti wenyewe.

Waulize pia kiasi chote, si cha siku moja. Mililita 20 ni vijiko vinne vya chai, lakini mahudhurio 12 yanafanya mililita 240, zaidi kidogo ya nusu ya chupa ya mchangia damu.

Na kama dhara jipya likigundulika ukiwa ndani, wanapaswa kukuita, kukueleza, na kukuuliza upya kama unaendelea, kwa fomu yenye toleo jipya na tarehe mpya. Weka nakala zote mbili, pamoja na kadi yenye namba ya simu ya saa 24, mahali ambapo mtu wa nyumbani anaweza kuipata ukiwa huwezi kusema.